Nilimuambia Bibi Yangu Eti A1 Imejaa

Tantine Katungu mupendwa,

Nakuomba musaada, mais mbele ya kunigombeza usome kwanza mupaka mwisho, juu gazeti yenu naisomaka kila mara nikiwa ku foleni ya magari kule Kasindi na najua vile unagombezaka batu, kuna mwanaume moja wa Lubero ulimugombeza mu mwezi wa Ramadhani mupaka mimi nilisahau njaa yangu nikamuhurumia yeye.

Mimi ni Issaka, shofere, niko na pickup yangu mwenyewe, napelekaka mizigo Butembo, Beni, Kasindi, na siku zingine Mutwanga, niko na bibi moja tu, Faraja, na batoto babili, Aziza na mudogo wake mwenye angali anabebwa ku mugongo, na mu nyumba yetu kuna amani, hapana pombe, hapana kelele, majirani banaweza kukushuhudia. Faraja nilimuoa mbele amalize secondaire, mais ule mwanamuke iko na kichwa nguvu kwa uzuri, alisoma akinyonyesha, alisoma akipika, maharagi ikaungua mara mingi na mimi nikakula bila kusema neno, na mwaka jana akapita Exetat, mutihani ya serikali ya kumaliza secondaire, kama autodidacte, mutu wa kujisomea mwenyewe, akapata diplôme d'État yake, section pédagogie. Ile siku matokeo ilitoka, Tantine, mimi mwenyewe njo nilimumwangia poudre, kama vile tunafanyiaka mutu mwenye amepita, boîte muzima ya poudre ya mutoto, ku kichwa, ku mabega, ku kitambaa yake ya mupya, kiisha nikamupandisha mu gari tukazunguka quartier yote na klaxon, batu bakafikiri kuna ndoa.

Sasa Faraja anataka kuwa infirmière, muuguzi. Mimi pia nataka awe, usifikiri niko mwanaume wa zamani. Shida iko ku njia. Unajua hapa kwetu kuna infirmière A2 na infirmière A1. A2 ni masomo ya secondaire, miaka ine, unavaa jupe, sketi ya bleu, na chemise nyeupe kama batoto bengine, na iko moja karibu kabisa na kwetu, masista njo banaiongoza, saa saba batoto bamesharudi kwao. A1 ni ya institut supérieur, miaka tatu nyuma ya diplôme, banavaa blouse nyeupe ya lopitali, banaitwa étudiants, asubui banakuwa kule na mangaribi unasikia bangali kule, eti travail pratique, masomo ya mikono. Faraja alisema A1. Mimi nilisema A2. Akaniambia, "Lakini A2 ni miaka ine na A1 ni tatu," nikamujibu eti miaka si kitu, mutu anaangalia amani.

Kwa nini A1? Juu anataka kuwa sage-femme, mwenye kuzalisha banamuke, na hiyo ilianza siku alizala huyu wetu wa pili. Tulikuwa tunatoka kwao Mabalako, tulienda kuona mama yake, mimba ilikuwa ingali na siku zake, mais ile barabara unaijua, kila shimo ilikuwa inamusogeza mutoto mbele, na mbele tufike Beni akanishika ku bega akasema, "Issaka, simamisha." Tukaingia ku centre de santé ya kwanza yenye tuliona, mimi nikaruka inje mupaka funguo ya gari ikaanguka mu majani, na mule tukakuta infirmier moja anaitwa Edmond, mwanaume wa makamo, akaniambia na sauti ya polepole, "Papa shofere, wewe umemaliza kazi yako, kaa inje, ya sasa ni yetu." Na kwa ile sauti kila mutu akatulia, Faraja akatulia, mama yake mukubwa, mwenye tulitoka naye Mabalako na alikuwa analia, akatulia, mimi nikatulia. Mutoto akazaliwa muzima, alhamdulillah. Nilimukumbatia Edmond nikalilia ku blouse yake, na kesho yake nikamupelekea jogoo na régime mbili ya ndizi. Tangu ile siku Faraja anasema anataka ile sauti. Anasema, "Issaka, hapana kazi tu njo natafuta. Nataka mwanamuke akiingia anaogopa, akiniona atulie."

Sasa nifike ku kosa yangu. Siku moja aliniambia, "Papa Aziza, ukipita pale ku institut uulize kama inscription ya A1 ingali, kama bangali banaandika batu." Nikaenda. Nikasimamisha gari mbele ya portail, mulango yao mukubwa. Tantine, kile niliona pale! Kulikuwa vijana banaume na blouse safi, imepigwa pasi mupaka inakata, harufu ya parfum inafika mu gari yangu na madirisha imefungwa, na moja alikuwa amekaa ku pikipiki, amemushika binti moja mukono, banacheka, nikafungua dirisha kidogo nisikie, kumbe eti banafanya révision, banarudilia masomo ya mifupa. Mifupa, Tantine! Anamuhesabia mifupa ya vidole, moja moja, kidole kwa kidole, na binti anajibu na jina ya kifaransa. Nikawaza huyo kijana na mukono ya Faraja. Nikarudisha gari nyuma. Sikushuka, sikuuliza mutu ata moja. Nikafika ku nyumba nikasema, "Faraja, pole, A1 imejaa."

Nilifikiri atalia ao atanigombeza, nilikuwa nimeshatayarisha majibu njia yote. Akasema tu, "Imejaa?" Nikasema imejaa. Akasema, "Sawa," akanipakulia chakula, akaweka na pilipili vile napendaka. Mu ile wiki akaenda yeye mwenyewe kwa masista, akajiandikisha A2, akashonesha jupe. Na kule sheria ni kila binti anyoe nywele, na akanyoa. Tantine, ile nywele hakuna mutu mwingine alikuwa anaionaka, inje anavaaka kitambaa, ni mimi tu mu nyumba njo nilikuwa naiona. Siku alivaa uniforme kuipima, Aziza alicheka mupaka akaanguka chini, eti mama amekuwa élève, na Faraja akajizungusha mbele yangu akaniuliza, "Inanienea?" Nikasema inakuenea. Kiisha nikatoka inje nikaenda kuangalia upepo ya pneu ya gari, na zile pneu nilikuwa nimeshaziangalia asubui.

Mama yangu amekasirika, anasema, "Mutu mwenye alishamwangiwa poudre anarudia tena uniforme? Batu batasema ile diplôme ilikuwa ya kununua, na ni wewe ulipiga klaxon." Rafiki yangu Jephté, shofere mwenzangu, mwenye kila mara anapita kukula kwetu, yeye anasema nifunge kinywa, ananiambia na Lingala yake ya miziki, "Ndeko, mwasi ya A1 akotosa yo te," maana yake bibi wa A1 hataniheshimu, atanifanya boy wa nyumba, na mimi kweli masomo yangu ilisimamia troisième secondaire, hiyo Faraja anaijua na hajawahi kunisimanga nayo.

Masomo ya masista inaanza lundi, Jumatatu. Je, nimuache aende, juu mwisho wa mwisho A2 pia ni infirmière na sindano ni ileile, ao nimuambie kweli? Na kama ni kusema, naanza na neno gani? Mimi najua kuongea na batu ba douane ku mupaka, najua kuongea na askari ku barrière, mais mbele ya Faraja natafuta kazi ya kufanya inje. Tangu anyoe, ananijibu muzuri, ananipikia muzuri, na naona kama mutu ameondoka mu nyumba na sijue alipitia mulango gani. Sitaki kumupoteza. Njo hiyo tu.

Mimi, Issaka, Butembo

*

Issaka, shofere wangu,

Nimesoma mupaka mwisho, kama vile uliniomba. Sasa nakugombeza.

Mais kwanza utulie: majina yenu nimebadilisha, na jina ya ile institut nimeifuta, nimefanya hivyo juu ya Faraja, wewe umepona kwa neema yake. Gamaliel, kijana mwenye kutupigia barua ku ordinateur, kompyuta yetu, alipofika ku mifupa ya vidole aliacha kazi akatoka inje kucheka, na njo maana gazeti imechelewa. Utamulipia soda.

Tuanze na hesabu, juu wewe ni mutu wa barabara. Faraja iko na diplôme d'État mu mukono. Kutoka pale alipo, A1 ni miaka tatu. A2 ni kushuka chini kabisa, kukaa ku banc na batoto benye bamemaliza huitième, mwaka ya munane ya masomo, juzi, na kupanda tena miaka ine. Mutu akikuambia, "Shofere, nitoe Butembo unifikishe Beni," wewe unamupitisha Lubero, upande ingine kabisa? Eti juu ku barabara ya Lubero hakuna vijana ba parfum? Na mutu wa kwanza kukuonyesha hiyo hesabu alikuwa bibi yako, ukamujibu na neno "amani". Ile neno wanaume banaitumiaka sana siku hawana jibu.

Na ba A2 benye banasoma hapa basikasirike, juu siko nabatukana. A2 ni njia ya heshima kabisa. Kwa mutoto mwenye anatoka huitième na anajua kama moyo yake iko ku bagonjwa, namutuma kule na mikono mbili, na bituo mingi ya mu vijiji yetu inasimama juu ya mabega yao. Akimaliza anafanya kazi, na siku akitaka kupanda A1, mulango haijafungwa. Mais Faraja ameshapita ile kilima, aliipita na mutoto ku titi na kitabu ku magoti. Na kile anataka, kuwa sage-femme, kinasomewa upande wa institut. Kumurudisha chini apande tena juu ya woga yako, Issaka, hiyo ni kumuiba miaka.

Umeniuliza A1 ao A2. Mimi naona ile haiko swali yako. Swali yako ni ule kijana wa pikipiki. Pole, wivu inauma, na mutu mwenye hana na wivu kabisa mimi namuogopaka zaidi. Mais unafikiri kwa masista bibi yako atakutana na masista tu? Batoto ba A2 banaendaka stage, kujizoeza kazi, ku lopitali sawasawa na ba A1. Walimu bengine ni banaume. Bagonjwa, Issaka, nusu yao ni banaume! Utakaa ku portail ya lopitali uchague mwenye iko na ruhusa ya kuumwa? Na garde ya usiku? A2 anaifanya pia, na ku centre kidogo ya kijiji anaweza kuifanya yeye peke yake na sentinelle, mulinzi wa usiku. Hakuna infirmière mwenye kurudi saa saba kama mwenye kuuza mboga. Kama ulimukubalia hii kazi, uliikubali na usiku yake na batu yake.

Na tena Edmond. Ulimuandika wewe mwenyewe, mimi sikumutafuta. Edmond ni mwanaume. Alimuzalisha bibi yako na mikono yake, na wewe ukamulilia ku blouse, ukamupelekea jogoo na ndizi. Ile siku hukuuliza kama iko A1 ao A2. Hukunusa kama amepaka parfum. Kama wangekuambia iko A sabini ungesema hewala, aingie. Kumbe siku unaogopa kweli unajuaka muzuri infirmier ni nani. Sasa unafikiri Edmond mifupa ya batu alijifunzia wapi? Ku mukono ya mwenzake, ku kiwanja ya masomo, labda ule mwenzake alikuwa binti, na labda bao pia banacheka. Ule kijana mwenye ulikimbia, kuna mwanaume moja siku moja atamulilia ku ile blouse yake ya pasi.

Jephté, sasa. Kuhusu kuoa kwake hukuniandikia kitu, na mutu mwenye bibi yake anamungojea na chakula hapiti kila mara kukula kwa rafiki, donc nimeshajijibu. Anakula sahani ya Faraja, anafuta mudomo, kiisha anakufundisha vile utamuzuia. Mwambie aoe kwanza, ao abakie na miziki yake. Na ile neno ya heshima, nakuuliza: mwanamuke mwenye alikupakulia chakula na pilipili juu, saa ileile ulikuwa unamudanganya, unaona ni blouse njo itamufundisha kukosa heshima? Eti utakuwa boy wa nyumba. Ulikulaka maharagi ya kuungua bila neno juu bibi yako anasoma. Ndugu, wewe ni bwana wa étudiante tangu zamani, na uliiweza. Nakusifu kwa ile. Niko nakugombeza, mais nakusifu.

Mama yako naye, mwambie nimemusalimia, mais tusikilizane naye. Mutu muzima kurudia kuvaa uniforme haiko haya. Niko na jirani, mama wa batoto bane, anavaaka ile jupe ya bleu kila asubui, na akipita namusimamia. Yeye ile njia aliichagua. Faraja hakuchagua, ulimufungia ingine ukamuambia imejaa. Haya iko pale, na haya hiyo iko ya kwako, hapana yake wala ya poudre.

Banasemaka njia ya muongo ni fupi. Yako, Issaka, haikutoka ata mu quartier. Sikiliza sasa, na kama uko umekaa ku usukani, tia frein usimame.

Nilipiga simu ku ile institut. Nikaongea na secrétaire wao, binti wa adabu, anaitwa Solange. Nikamuuliza kama inscription ya A1 imejaa. Akacheka, "Imejaa na nini, Tantine? Nafasi iko mupaka mwisho wa mwezi." Kiisha akaniuliza, "Mais ni nani huyu anaambia batu kama imejaa? Kuna mama moja alifika hapa na mutoto ku mugongo, akaniuliza swali hiyohiyo, kama ni kweli imejaa. Nikamujibu hapana, mama, kaa, ujaze fiche yako. Nikamupatia na kalamu. Akairudisha. Akasema, 'Aksanti, nitarudia. Nangojea kwanza mutu wangu aniambie yeye mwenyewe.'"

Sijue kama alifika pale mbele ya kunyoa ao nyuma. Solange hakukumbuka siku. Labda ni mama mwingine kabisa, Butembo ni kubwa, na banaume benye kudanganya bibi yao hauko wewe peke yako. Mais wewe unamujua Faraja kuliko mimi, na naona saa hii unarudilia kusoma hapa mara ya pili, basi unajua ni nani. Ile siku alijizungusha mbele yako akakuuliza kama inamuenea, alikuwa anakupatia nafasi ya kusema, Issaka. Hakukulazimisha, hakukuaibisha mbele ya mutoto, alikufungulia tu. Na wewe ukaenda kuangalia pneu!

Sasa utafanya hivi. Usimutume mama yako. Usimutume Jephté, ata kwa salamu. Usianze na kununua kitenge, juu mwanamuke akiona kitenge na hakuna sikukuu, anajua kuna kesi. Usiseme eti secrétaire ulimusikia vibaya, ao eti ulisikia fununu kama nafasi imefunguka tena, hiyo itakuwa bongo ya pili, uongo wa kufunika uongo, na ya pili njo inavunjaka nyumba. Usimuambie kama umesoma gazeti, na usimuambie kama unajua eti anajua. Umuachie heshima ya kusikia kweli kutoka ku mudomo yako kama vile alichagua. Peleka Aziza kwa mama yako, kaa chini, na kama umekosa neno ya kuanzia, mimi nakupatia: "Faraja, sikushuka mu gari." Yote ingine itafuata peke yake. Utamuambia kijana, parfum, mifupa, na kama akicheka, muache acheke, umestahili. Kama akilia, usitoke inje.

Kiisha utaenda naye ku institut, mutaingia pamoja, mutasalimia Solange. Utapita pia kwa masista kubaeleza kama bibi yako amepata njia ingine, kwa adabu, juu nafasi yake pale kuna mutoto wa mutu anaihitaji. Mutapanga nani anabakia na mudogo saa za travail pratique, na usiniambie kazi yako haina saa, shofere mwenye gari yake njo anapangaka saa. Siku za garde utamupeleka na utamurudisha, wewe mwenyewe. Ukimukuta anahesabiwa mifupa, utasalimia kwa sauti na utangojea amalize. Na mbele alale, umuombe ahesabie mifupa ku mukono yako pia. Atahitaji mutu wa kujifunzia, na iko muzuri akuwe wewe.

Bongo ya siku moja Faraja anaweza kuisamehe, mimi naona nusu ameshaisamehe, juu mwanamuke mwenye amekata tamaa harudishi kalamu, anajaza fiche na anaenda zake. Mais ukimuacha aende lundi, kila asubui miaka ine atatoka ku mulango yako akijua, na wewe utamuangalia akitoka, nawe unajua kama anajua. Ile moja, Issaka, sijawahi kuona mwanamuke mwenye aliisamehe.

Mwambie leo.

Tantine Katungu